Drafti ya Jikoni na Kibarazani

Baba yangu na mke wa kaka yangu walicheza drafti kwa miaka sita bila kuonana uso kwa uso. Mimi ndiye niliyekuwa napeleka hatua zao.

Kwetu Rungwe mke humwogopa baba mkwe wake. Ndivyo tunavyosema, humwogopa, ingawa hakuna ugomvi wala vitisho. Hawatazamani, hawazungumzi, hawakai chumba kimoja. Wakikaribia kukutana njiani, mke anaingia migombani na kugeuka hadi mzee apite. Zamani vijana walijenga mbali na baba zao, basi jambo hilo halikuwa na shida kubwa. Ardhi ilipopungua kaka akajenga nyuma ya nyumba ya baba, na wifi yangu akajifunza kumtambua mzee kwa kikohozi na kwa sauti ya viatu vyake, ili ajue wakati wa kutoka na wakati wa kutotoka.

Sikumbuki vizuri drafti ilianzaje. Nadhani nilikuwa nacheza na baba kibarazani siku ya mvua, nikazidiwa, nikakimbilia jikoni kumuuliza wifi nifanye nini. Alikuwa amejifunza kwa kaka zake huko kwao Isongole. Akanielekeza, nikarudi nikala kete tatu kwa mpigo. Baba aliutazama ubao, akanitazama mimi, akasema hiyo haikuwa akili yangu. Wiki iliyofuata kulikuwa na mbao mbili, moja jikoni na nyingine kibarazani, na kila mraba mweusi nimeuandika namba kwa chaki. Nilikuwa navuka uwanja na namba kichwani. Kumi na nne kwenda kumi na nane. Namba hazikwenda peke yake.

"Mwambie huyo wa jikoni kingi yake ina homa," baba alikuwa akisema.

Nami nilifika jikoni, wifi akiwa anamenya ndizi, naye alinijibu bila kuinua macho, "Mwambie mzee homa hii inaambukiza."

Baba alicheka peke yake kibarazani. Wifi naye alicheka akiwa ameweka kanga mdomoni, ili kicheko kisivuke ukuta wa mianzi wa jikoni. Nilipokwenda chuo kikuu Dar es Salaam, mchezo ulinisubiri. Nilirudi likizo nikakuta kete ziko palepale nilipoziacha. Hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa, hata wakati wa kufagia.

Chuoni nilijifunza kuuliza, na nikarudi na ugonjwa huo. Nilimuuliza mchungaji, nilimuuliza mwenyekiti wa kijiji, nilimuuliza baba: heshima gani hii inayomtaka mtu ajifiche kwenye migomba na mtoto mgongoni? Kwa nini yeye ndiye ajifiche, na si wewe? Baba alisema si yeye aliyeianzisha. Nikamwambia hilo si jibu. Akakubali kwamba si jibu, akaniuliza kama ni zamu yake kucheza.

Hiyo ilikuwa miaka ya soko huria. Serikali ilikuwa imeacha kuajiri wahitimu moja kwa moja, kwa hiyo nilikaa nyumbani na shahada yangu. Maduka ya Tukuyu yalijaa vitu kutoka nje, ludo za plastiki zikiwemo. Vijana wa kanisa letu pale mtaa wa Bagamoyo, hapohapo Tukuyu mjini, waliamua kufanya siku ya michezo ya mezani, ya zamani na mipya, na mimi wakanifanya katibu. Kulikuwa na mfanyabiashara wa Mbeya mwenye mashine ya kuchapa aliyeahidi kuja. Alitaka mchezo mmoja uliobuniwa na mtu wa huku, auchape auuze.

Nilipiga taipu karatasi ya michezo mipya ya kujaribu Jumamosi hiyo. Mwalimu mstaafu wa Kisiba alibuni mchezo wa mitumbwi kuzunguka ziwa. Niliandika kwamba ni mzuri ila mrefu, na wachezaji wabebe chakula. Fundi cherehani mmoja alikuwa na mpira wa miguu wa dadu. Niliandika kwamba mjinga anaweza kushinda, na hilo huenda likawa raha yake. Mchezo wa tatu ulikuwa wa wifi yangu. Alikuwa ameuchora juu ya katoni la mafuta ya kula. Kila mchezaji ana mzigo wa majani ya chai ambayo lazima yafike kiwandani kabla hayajanyauka, na mvua imeharibu barabara. Lori la mmoja likikwama, hakuna anayesonga mpaka wote wakubali kusukuma. Hapo ndipo watu hugombana, kwa sababu kila mtu anatamani la mwenzake likae kidogo kwenye tope. Niliandika kwamba huo ndio bora kuliko yote. Ulikuwa bora kweli. Sikumpendelea.

Mfanyabiashara alituma ujumbe kwamba angependa kuona mchezo unachezwa na watu wenye akili, mwenye mchezo akiwa mezani kueleza. Mtu mwenye akili zaidi niliyemjua kwenye ubao wowote alikuwa baba. Yeye mwenyewe, kupitia kwangu, alikuwa ameujaribu mchezo ule na kumtumia wifi maoni, na ile kanuni ya kusukuma lori walibishania mwezi mzima.

Kwa hiyo nilidanganya. Nilimwambia baba kwamba wifi angeeleza mchezo wake asubuhi kisha aende zake, na yeye aje saa nane. Nilimwambia wifi kwamba baba angekuwa nje na wazee wa drafti, hataingia ukumbini. Nilikuwa na hakika. Niliona kabisa kichwani jinsi wangeshtuka kidogo, watazame chini, halafu mmoja aseme neno juu ya lori, na sisi wote tucheke, na jambo la miaka mingi liishe saa nane mchana kwa sababu mtu fulani alikuwa na ujasiri wa kulijaribu.

Wifi alikuwa ameketi, kanga mpya kiunoni, anamweleza mfanyabiashara kwa sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia, sauti ya mtu anayejua anachosema. Yule bwana alikuwa anauliza, anaandika. Nilimshika baba mkono mlangoni nikamwingiza. Macho yake yalichelewa kuzoea giza la ukumbi. Tulikuwa karibu na kiti kitupu wifi aliposikia viatu.

Alinyamaza katikati ya neno. Hakuinua uso. Alivuta kanga ikafunika kichwa chote, akainuka, katoni likaanguka na kete zake zikatawanyika sakafuni. Mlango ulikuwa mmoja, na baba alikuwa upande huo. Akaenda ukutani. Alichuchumaa pembeni ya ukumbi ule, akiutazama ukuta, mama wa watoto wawili, mbele ya watu wote.

Baba alivua kofia akaiweka usoni, akageuka, akatoka akipapasa viti kama kipofu. Karibu wote ukumbini walijua maana yake. Asiyejua alikuwa mfanyabiashara.

"Mama anaumwa?" aliuliza.

Alisubiri kwa adabu, kisha akahamia meza ya pili. Alichukua mpira wa miguu wa dadu.

Nilimfuata wifi nyumbani kwa njia ya nyuma, kupitia mashambani, ambayo alikuwa ameichagua ili asimkute mzee barabarani. Nilianza kusema kwamba nilitaka watu wajue uwezo wake, kwamba mila ile ilikuwa inamfunga. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika, na afadhali angekasirika.

"Wifi," alisema, "mimi nilikuwa sijafungwa. Nilikuwa nacheza naye. Sasa nikimsikia anakohoa tu naona aibu."

Alikaza mwendo, nami nikabaki nyuma yake.

Siku tatu baba hakuketi kibarazani. Siku ya nne alikuja, nikakimbia kuleta ubao. Kulikuwa na mchezo tuliouacha katikati, baba akiwa mbele kwa kete tatu na kingi moja, na zamu ilikuwa yake. Nilimwomba msamaha. Aliniambia kwamba nilikuwa nimemvua nguo yule binti, na kwamba yeye, mkwe wake, alikuwa amewekwa mbele yake ili aone. Hakupandisha sauti. Nikamwomba anipe hatua yake, hata moja, niipeleke.

Alitazama ubao.

"Mwambie ameshinda," akasema.

Nilivuka uwanja. Wifi alikuwa anapepeta mchele. Nilimwambia kwamba mzee anasema ameshinda. Ungo ulisimama. Ubao wake ulikuwa pale kwenye kigoda, na alihitaji kuutazama mara moja tu.

"Mwambie mzee si kweli," alisema. "Mwambie ni zamu yake."

Nilirudi mbio, nikiwa na furaha ya kijinga, nikidhani ubishi wa namna hiyo ndio ungeturudisha mchezoni. Kibaraza kilikuwa kitupu. Baba alikuwa ameshika njia ya shambani, mgongo wake unaishia kwenye migomba. Nilimsubiri mpaka aliporudi jioni, nikampa ujumbe neno kwa neno. Alisema amesikia. Akaomba maji ya kunawa miguu.

Nilimwomba hatua yake tena Jumapili, na Jumapili nyingine. Kabla ya mavuno kaka alipata nyumba ya wafanyakazi kule kiwanda cha chai, akahama na familia yake. Siku ya kufungasha wifi alisimama nyuma ya nyumba akisubiri baba atoke aende shambani ndipo apite mbele ya kibaraza na mizigo, na baba, aliyekuwa ndani akijua kwamba anasubiriwa, alichelewa sana kutoka.