Shimo Nyuma ya Darasa

Nilirudi Kiritiri kutoka mafunzo ya walimu wa chekechea na jambo moja kichwani: mwache mtoto achague mchezo, wewe fuata nyuma, uliza, usimkatize. Wazazi walinicheka. "Mwalimu, tulimleta asome a, e, i, o, u, sio kujipaka vumbi." Mimi subira sikujaliwa. Niliwaambia kama ni kukariri, hata kasuku anakariri. Wakaenda zao wakinung'unika.

Muhula huo watoto walichagua kuchimba. Nyuma ya darasa kulikuwa na ukingo wa mchanga wa kunifika magotini. Mmoja alikuwa lori, ananguruma na kurudi kinyumenyume. Wengine walipakia kwa makopo. Vijiti ndio walikuwa watu. Msimamizi alikuwa kasichana kadogo, kakali kuniliko. Lakini sikupenda alivyowachimbisha. Walifukua chini, wakaingia ndani, na juu pakabaki mchanga unaning'inia.

"Mbona hamuanzii juu?" nikauliza.

"Juu ni udongo mbaya, Mwalimu. Lori haitaki. Baba anachimbanga hivi."

Ukingo ukaporomoka, ukavifunika vijiti. Yule msimamizi hata hakushtuka. Akapiga makofi: "Haya, lieni!" Wenzake wakalia, tena kile kilio chenyewe cha matanga. Niliogopa, sifichi.

Jioni nikamfuata baba yake mtoni, anakochimba mchanga wa kuuza. Alikuwa amejikunja chini ya ukingo mrefu kumliko, mizizi ya miti inamgusa kisogoni. Salamu sikutoa.

"Toka humo! Hiyo kitu itakuangukia."

Akacheka, na wenzake wakacheka. "Nani amekwambia?"

"Binti yako."

"Ala! Siku hizi Mwalimu anafundishwa na watoto?"

"Ndiyo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Asiyesikia la mtoto je? Kesho uje nawe ufundishwe."

Alikuja, nadhani kwa ubishi tu. Akachuchumaa kando ya shimo, koleo begani. Binti yake alimtupia jicho, akaendelea na kazi. Fukua, pakia, lori likaondoka, likarudi. Kisha ukingo ukashuka.

"Haya, lieni!"

Yule bwana alijaribu kutabasamu. "Na mimi niko wapi hapa?"

Mtoto alimwangalia kama mtu aliyeulizwa jambo lililo wazi. "Wewe uko chini. Mimi ni mama." Akajifunga sweta yake kichwani kama leso. "Sogea, baba, umekanyaga kaburi."

Hakusogea. Koleo lilimteleza begani, akalidaka. Kule barabarani lori la kweli likapiga honi, mara moja, kisha tena kwa muda mrefu, naye akainuka.

"Leo tutaanzia juu," aliniambia, lakini usoni hakunitazama. Binti yake alikuwa ameshaanza kilio, na safari hii machozi yalikuwa yanatoka.