Mizunguko ya Meza ya Kukatia

Kwa miaka thelathini na moja fundi alishona kwa cherehani ya pedali, na siku muuguzi wa kliniki ya kisukari alipomwambia afanye mazoezi, alijibu kwamba yeye hutembea kutwa, ila tu cherehani haiondoki ilipo. Muuguzi hakucheka. Alimtaka atembee nusu saa kila siku, avae viatu vinavyofunika vidole, na akague nyayo zake kila jioni.

Habari ya viatu na nyayo iliingia sikio hili ikatokea lile. Ya kutembea ilimkaa kichwani, ikamtia na aibu. Kila asubuhi mwalimu mstaafu alipita mbele ya duka, mikono nyuma, hana mzigo wala safari, na fundi na kinyozi wa jirani walikuwa wamembandika jina: Kapotezanini. Sasa yeye angetokaje?

Basi akajificha. Jioni, wateja wakiisha, alikomea mlango, akaanza kuizunguka meza ya kukatia, peku, kama alivyozoea kufanya kazi, asije akakanyaga kitambaa cha mtu kwa viatu. Kila mzunguko wa hamsini alipiga mstari wa chaki pembeni mwa meza. Mistari minne, siku imekwisha. Mwezi haukupita sukari ikaanza kushuka. Muuguzi alimsifu, kisha akauliza kama nyayo anazikagua. Fundi akasema anazikagua. Tangu azike mkewe hakuwahi kurudi nyumbani na moyo mwepesi namna ile.

Binti yake, aliyemsaidia kushona vifungo, ndiye aliyeyaona madoa. Yalikuwa ya kahawia, yamekauka, nayo yaliizunguka meza yote. Aliyafuata hadi yakamrudisha alikoanzia.

"Baba, kaa. Lete mguu."

Chini ya kidole gumba kulikuwa na kipande cha sindano, nyama imekizingira, imekwisha kuwa nyeusi. Fundi aliinama akautazama mguu huo kama wa mtu mwingine.

"Mbona hauumi?" aliuliza.

Ndani ya miaka yote ile ya kukaa, ganzi ilikuwa imepanda taratibu kutoka kwenye nyayo, na fundi aliisingizia pedali.

Hospitali walikata kidole gumba na cha pili yake. Daktari hakumficha: kidonda kingine, na safari hiyo wangekata mguu. Fundi alikaa miezi mitano akisubiri kidonda kipone, sukari ikipanda tena, mistari ya chaki ikifutika mezani kwa mikono ya wateja.

Siku muuguzi alipomruhusu kutembea tena, binti aliingiza mkono ndani ya kila kiatu, akapapasa mpaka ncha, ndipo akamvisha. Fundi akatoka nje mchana kweupe. Kinyozi alikuwa mlangoni kwake na taulo begani.

"Wapi tena, fundi?"

"Siendi popote."

Kinyozi alivitazama vile viatu vipana, akaingia ndani taratibu.

Mbele yake Kapotezanini alikuwa anakaribia kona, mikono nyuma. Fundi alitamani kumwita, lakini jina pekee alilomjua nalo ni lile alilombandika. Mwalimu hakupunguza mwendo, na fundi hakuweza kuuongeza wake.