Kaseti Iliyotoka Klabu ya Kambini

Siku ya arobaini ya baba, mdogo wake, Kombo, alibonyeza redio kaseti, mama kashika upindo wa kanga. Tulingoja baba aimbe. Ikatoka sauti ya mtangazaji wa mpira: "Kona! Konaaa!" Mama akasema taratibu, "Huyo si mume wangu."

Nirudi nyuma kidogo. Sie tuliokulia kota za jeshi Kawe, baba zetu walipopelekwa ng'ambo tulikuwaga na Jumapili zetu. Huko kambini walijijengea klabu, paa la turubai, magitaa mawili na ngoma ya pipa, mwimbaji baba yangu. Walirekodi kaseti, anayekuja likizo anatuletea. Basi Jumapili mchana tunajazana bwaloni, mafuta ya nazi yanachuruzika usoni, soda moja watoto watatu, ukivuta sana mrija unapigwa kofi. Akina mama wanacheza wao kwa wao, wanagombea nani awe mwanamume. Wimbo ukiisha zinakuja salamu: "Mama Zuhura, baiskeli yangu usiiuze!" Bwalo zima kicheko, maana Mama Zuhura alishaiuza. Baba akitaja jina langu, wiki nzima natembea kifua mbele.

Watoto wa siku hizi baba akifika Morogoro tu wanamwona kwenye simu mpaka anavyochokonoa meno, na bado wananung'unika mtandao mbovu.

Zile kaseti za Jumapili zilishakatika kwa kuchezwa sana. Baba aliporudi moja kwa moja alikuja na kaseti moja ya nyimbo zake. Akavunja vile vijipande viwili vya plastiki vya juu, mtu asiweze kurekodi tena. "Hii hairekodiwi mpaka kiama," akasema.

Alipofariki nilikuwa darasa la sita. Kombo akaichukua kaseti kabla ya arobaini, akatafuna karatasi ya sigara, akaziba matundu ya vile vijipande, akarekodi mpira. Nani aniambie bahati mbaya? Karatasi niliitoa mwenyewe kwa pini. Yeye akacheka: "Kaseti ni kaseti tu, mwanangu."

Leo yuko Tandale, mzee, nampa shikamoo, ananiitikia. Siku hizi mtu ana sauti mia za baba yake kwenye simu na hazisikilizi. Wanangu wanne hawajui babu yao aliimbaje.

Baba mdogo, Ijumaa nakuja nao wote. Wewe ulimsikia. Kaa nao chini, uwaambie kwa mdomo wako kwa nini wao hawatamsikia.