Pumzi za Wageni Kumi na Mmoja

Siku ya kupaka lithiamu, Gil Mal-sun alikuwa haoshi nywele. Sisi wenzake pale maabara ya betri, Daejeon, Korea Kusini, tulimcheka, naye akatujibu, "Chekeni tu. Nywele mbichi zinaingiza maji kwenye chumba kikavu, na lithiamu ikiguswa na unyevu imeharibika."

Kazi yake ilikuwa kuzuia sindano. Betri ya metali ya lithiamu, kila inapochajiwa, huota visindano ndani kwa ndani. Kimoja kikivuka upande wa pili, betri huwaka moto. Mal-sun alikuwa amehangaika miezi minane mpaka akapata utando mwembamba wa kuipaka ile lithiamu isiote kitu. Zilibaki betri arobaini za jaribio la mwisho. Zikistahimili kuchajiwa mara mia tatu, angepata ajira ya kudumu, akiwa na miaka hamsini na minne, baada ya mikataba ya mwaka mwaka isiyokwisha.

Asubuhi ya kuzipaka, akiwa katikati ya kazi, Mkurugenzi Pyo akafika na wageni kumi na mmoja na bango lao. Kwetu mgeni haondoki bila picha ya pamoja chini ya bango, sawa, lakini kwa nini isipigwe ukumbini? Mlangoni pa chumba kikavu paliandikwa watu wanne tu, maana pumzi nayo ni maji.

"Mkurugenzi, lithiamu iko wazi mezani," Mal-sun akamwambia kwa upole. "Naomba saa moja niifunike."

"Fundi Gil, dakika mbili tu. Wageni wazito hawa, usiniaibishe."

"Hizo dakika mbili watabana pumzi?"

Wageni wakacheka, wakaingia. Wakakunja ngumi, wakapiga kelele za ushindi, wakapigwa picha tatu kwa kuwa mmoja alifumba macho.

Wiki ya tano betri thelathini na moja zilikuwa zimekufa. Tulipozifungua, visindano vilikuwa vimeota palepale penye madoa ya unyevu. Zile tisa alizozimaliza kabla ya wageni zilipita mia tatu bila tatizo. Pyo akamwagiza Mal-sun aandike barua ya kukiri kosa. Nilitamani kumtemea Pyo mate. Kazini kwetu barua hiyo huandikwa na mdogo hata mkubwa akiharibu, na sote tulioona tulinyamaza, mimi nikiwa wa kwanza.

"Dada, andika tu yaishe," nilimwambia.

"Naandika. Kosa ninalo."

Aliandika mstari mmoja, akagonga muhuri wake wa jina, ambao kwetu ndio sahihi: "Nilikuwa karibu na mlango, na sikuufunga kwa ndani."

Pyo akamrudishia aandike upya. Akaandika upya, mstari uleule, kwa mwandiko mzuri zaidi.

Mwisho wa mwezi mkataba wake haukuongezwa. Utando ule tunautumia mpaka leo, na kwenye ripoti jina la mgunduzi ni Pyo.