Vipande vya Tailizi Nilivyowagawia

Leo nimemmwagia mama mkwe ndoo nzima ya maji miguuni.

Ngojeni nieleze kabla ukoo haujanitenga.

Nyumba yangu ya Utemini mnaijua, ni ya enzi za Ujamaa. Juzi nikang'oa tailizi za sebuleni mwenyewe. Fundi wa nini? Mimi niliyeishi Dar, Nairobi mpaka Lusaka!

Vipande nikawagawia majirani vya kusugulia miguu. Sina choyo, mnanijua.

Leo mchana rafiki yangu fundi kapita, kaona zilizobaki, kashika kichwa.

"Bwana wee, acha! Hizi za zamani huenda zina asbesto. Vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Usivunje, usifagie. Lowesha!"

Nikageuka. Mama mkwe, aliyekuja jana kutoka Mungaa, yuko kibarazani anasugua kisigino kwa kipande changu. Vumbi mpaka kwenye kanga.

Jamani, mkwe unamshikaje mguu? Nikasema "Shikamoo mama," nikamwaga.

"Marahaba. Umelewa?"

Nikamweleza.

"Sasa baba, vumbi nililokwisha kulivuta je?"

Mimi, mwenye maneno yote haya, nikashika simu kuwatafuta majirani.

Mliochukua kwangu, msisugue tena wala msitupe. Vilowesheni, vifungeni kwenye mfuko, nakuja kuvichukua mwenyewe.

Niligawa kwa watu tisa. Nimewapata sita.

Kama wewe ni mmoja wa wale watatu, andika hapa chini sasa hivi. Hata tusi nitalipokea.