Maharage ya Kibuyu cha Bibi

Bibi alishuka Bwiza, mtaa wetu wa mjini, na kibuyu kimoja tu. Nguo zake zote alikuwa amezivaa. Mama, binti yake, alipouliza mizigo iko wapi, alijibiwa kuwa mzigo ndio huo. Ndani mlikuwa na mbegu za maharage alizozichanganya tangu alipoolewa: meusi ya kuvumilia jua, mekundu ya kuvumilia mvua nyingi, na ya madoadoa, ambayo hata yeye hakujua yanavumilia nini ila yalimfurahisha. Mwaka ukiyaua haya, alisema, utayaacha yale.

Lakini kwao Kirundo, miaka hiyo ya vita, jua lilikuwa limeyashinda yote. Mvua ya Septemba ilichelewa hadi Novemba, ikanyesha kidogo, ikasahau. Watu wakaanza kula mbegu. Bibi akaona heri akimbie na zake, akapanda lori lililosindikizwa na wanajeshi.

Tulikining'iniza kibuyu juu ya mbabula, jiko letu la makaa, moshi ufukuze wadudu. Tukilalamika njaa, Mama alisema akiba haiozi. Nilimpenda sana Bibi wa siku zile. Kila mawingu yalipopanda juu ya milima ya Congo, ng'ambo ya ziwa, alivaa viatu aende kupanda. Tulimtania kwamba hayo ni mawingu ya wenyewe. Alicheka nasi, kisha akavivua polepole.

Halafu barabara zikafungwa, soko likawa tupu, na mdogo wangu akaanza kuvimba miguu. Mama hakuthubutu kukitazama kibuyu. Bibi mwenyewe ndiye aliyekishusha.

"Nimuteke," alisema kwa Kirundi. Pikeni.

Jirani yetu, mama mmoja wa Uvira, Congo, alimshika mkono. "Apana, mama. We utapanda nini?"

Bibi alikuwa ameshaanza kupuliza makaa.

Yalikuwa matamu, na utamu ule unaniuma hadi leo. Hakuna aliyeyasifu.

Mvua iliporudi kweli, Bibi alijiandaa kurudi kwao mikono mitupu. Asubuhi hiyo jirani yule akaja na bakuli. Tangu maharage yarudi sokoni, yeye na wanawake wa ua wetu walikuwa wakiyachambua kabla ya kupika, wakimtengea Bibi kila punje yenye rangi ngeni. Hayakufika hata nusu ya bakuli.

Bibi aliyageuzageuza kwa kidole, akiyatafuta ya madoadoa. Hayakuwemo. Akayamimina kibuyuni, akavaa viatu.