Jiwe Lililonyamazisha Maji

Watu wa kwetu Ujiji wakisikia nimefika China watadhani nilifuata mzigo wa biashara. Sikufuata biashara. Nilimfuata mwanangu, ambaye nilimnyamazisha mwenyewe, kwa mkono wangu.

Yalianzia Louisville, huku huku Marekani tunakoishi, mwaka mmoja kabla ya safari, kwenye harusi ya mtoto wa dada yangu Mwamvua. Binti yangu Saida, aliyekulia hapa Buffalo, mtaa wa Bailey, na sasa yuko chuoni Columbus, alisimama kutoa salamu za familia kwa Kiswahili. Aliikunjua karatasi yake. Alisoma neno moja, akasita, akasoma jingine. Vijana wa meza ya nyuma wakaanza kucheka. Mimi, badala ya kuwakata jicho wale vijana, niliinuka nikampokonya mtoto kipaza sauti. "Mtatusamehe jamani, huyu ndiye mzungu wetu," nikasema. Ukumbi ukaangua kicheko. Nikamalizia salamu mwenyewe, kwa Kiswahili changu cha Ujiji, nikapigiwa vigelegele. Na nilivifurahia. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Tangu siku ile Saida hakunijibu tena kwa Kiswahili. Nikimsalimia, Kiingereza. Nikimuuliza amekula nini, Kiingereza. Nikajisemea ni kiburi cha watoto wa huku, nikamsengenya hata kazini Cheektowaga, ninakotunza wazee pamoja na akina mama wa Kikongo. "Bon, Mama Saida, batoto ba huku njo beko vile," mmoja wao akaniambia, yaani watoto wa huku ndivyo walivyo, nami nikaitikia kwa kichwa, eti nimeonewa.

Kisha siku moja Mwamvua akanipigia simu kutoka Louisville.

"Mdogo wangu, hivi unajua yule mtoto alinipigia wiki mbili mfululizo nimfundishe zile salamu? Kila akitoka darasani. Alitaka akufurahishe wewe."

"Mbona hukuniambia, dada?"

"Alinikataza. Na baada ya ulichokifanya pale ukumbini, ningekuambia nini?"

Nilikaa kwenye ngazi za nyumba na simu mkononi mpaka jirani akaniuliza kama nimepata msiba.

Saida alikuwa ameshakaa muhula mmoja Fuzhou, mji wa kusini mwa China, akijifunza Kichina nyumbani kwa mjane mmoja aitwaye Bibi Lin. Kiangazi hiki alikuwa anarudi kumtembelea, na bibi alisema aje na mama yake. Mwanzoni nilikataa, nikasingizia kazi. Baada ya simu ya Mwamvua nikaomba likizo, nikaazima begi kubwa.

Columbus. Nilitoka Buffalo kwa basi asubuhi, nikafika jioni miguu imevimba. Saida alinipokea stendi, akanikumbatia vizuri, akachukua begi. Nikamwambia amekonda. Akacheka, akanijibu kwa Kiingereza. Hata kwenye ndege tulikwenda hivyo hivyo, kiti kwa kiti, mimi na lugha yangu na yeye na yake, tukipeana vitu kama majirani juu ya ukuta. Maneno ya kuomba radhi nilikuwa nimeyaandaa tangu Buffalo. Kila nikifungua mdomo yalitoka mengine, kuhusu mto wa kulalia, kuhusu chai.

Fuzhou, siku ya kwanza. Joto lilitulaki mlangoni mwa uwanja wa ndege, joto zito la maji ambalo sijalisikia tangu nihame Kigoma. Bibi Lin ni mwanamke mfupi, nywele kakata fupi, na maisha yake yote aliuza supu ya samaki sokoni. Alitumiminia chai yenye harufu ya asumini. Saida akaanza kuongea Kichina, mikono ikiruka. Katikati neno likampotea. Bibi Lin akaliweka birika chini, akangoja. Saida akajaribu, akakosea, akajaribu tena, akajicheka mwenyewe. Ndipo bibi akampa lile neno taratibu, mazungumzo yakaendelea. Miaka yote nyumbani kwangu sijawahi kumwona mwanangu akicheka makosa yake. Niliangalia kikombe changu.

Siku ya tatu, asubuhi na mapema, tulikwenda Gushan. Ni kilima kikubwa mashariki ya mji, na jina lake maana yake ni Mlima wa Ngoma. Kileleni, alieleza Bibi Lin, kuna jiwe lenye umbo la ngoma, na upepo ukija na mvua wenyeji husema linalia. Njia ni ngazi za mawe, zaidi ya elfu mbili, chini ya miti mikubwa, na kila ukikaribia kukata tamaa unakuta kibanda cha kupumzikia chenye paa lililopinda pembe. Wazee wa rika la mama yangu walinipita wakipiga soga. Bibi Lin mwenyewe alitangulia, akisimama kila kibandani kuningoja, bila kuniuliza kama nimechoka.

Karibu na adhuhuri tulifika kwenye hekalu. Uani pana miti wanayoiita miti ya chuma, mifupi, minene, ambayo inasemekana imeishi miaka zaidi ya elfu moja. Tulipumzika hapo, kisha bibi akatupeleka pembeni, kwenye bonde jembamba lenye kuta za mwamba. Kuta zote zimechongwa maandishi, mengine makubwa kuliko mtu, yametiwa rangi nyekundu. Chini ya daraja dogo la mawe palikuwa na korongo, kavu kabisa, majani makavu tu.

Bibi Lin akaonyesha kwa kidole, akasimulia. Saida akanitafsiria, kwa Kiingereza kama kawaida yake.

Zamani, alisema, maji yalipita hapa kwa kishindo. Mtawa mmoja mkubwa alikuwa akisomea vitabu vyake juu ya mwamba huu, na kelele ya maji ikamkera. Akayakemea mara moja tu. Maji yakanyamaza, na hayajarudi hapa mpaka leo.

Saida alipomaliza hakunitazama. Alilitazama korongo.

"Muulize," nikamwambia, "yule mtawa alijuta?"

Bibi alifikiri, akatikisa kichwa. Hadithi haisemi. Ila maji hayakufa, alisema. Yalihamia upande wa mashariki.

Nilishika ukuta wa daraja. Maji hayakufa. Nimeyaona kwa macho yangu yakibubujika mezani kwa mwanamke mwingine, kwa lugha nyingine. Nilimwambia papo hapo, maana nilijua nikishuka na neno hili moyoni sitalisema tena: "Saida, kule Louisville nilikukosea. Shangazi yako... mama yako mkubwa ameniambia ulivyojifunza. Nisamehe, mwanangu." Hata kwenye radhi nilijikwaa.

Alinishika bega. Alinijibu kwa Kiingereza, kwa upole, kwamba ni mambo ya zamani na nisijali. Tukashuka. Maji yakimwagika hayazoleki, nilijua hivyo tangu utoto, lakini siku ile nililikanyaga lile korongo kavu kwa viatu vyangu.

Siku ya mwisho Bibi Lin aliwaita majirani kwa chakula cha mchana. Nilimwomba Saida anifundishe shukrani kwa Kichina, sentensi moja tu. Tuliirudia asubuhi nzima. Nikasimama. Watu wanane wakanyamaza, na sentensi yote ikaniyeyuka kichwani. Nilitamka mwanzo, nikakwama. Nikatamka kitu kingine, msichana mmoja akaziba mdomo. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nikamtazama Saida nikimwomba kwa macho amalizie yeye. Hakunimalizia. Aliweka mikono mapajani, akaningoja, kama nina siku nzima. Nikaanza upya, neno baada ya neno, nikafika mwisho vibaya vibaya. Bibi Lin akaninyanyulia kikombe chake. Mimi niliona haya kukaa.

Kurudi. Tuliachana Columbus stendini, nikapanda basi la Buffalo. Mnaotaka kujua nilichojifunza kwenye Mlima wa Ngoma, ni hiki: kileleni sikufika, magoti yalikataa, na ngoma sikuisikia. Nilijifunza kwamba kumkemea mtu ni kazi ya mara moja, na kumngoja ni kazi ya kila siku.

Jumapili ya pili baada ya kurudi, simu ikalia. Saida.

"Mama," akasema, kisha kimya. Nilikuwa na maneno kumi ya kumpa. Niliubana ulimi.

"Mama... ume... umekula nini leo?"

"Ugali na dagaa," nikajibu. "Na wewe?"

Akaanza kunijibu, neno likamkatikia njiani, akanyamaza. Niliondoa sufuria motoni, nikavuta kiti, nikangoja.